Upinde Mfupi wa Manirakiza

Fundi Elia wa Rusimbi alikuwa na ugonjwa ambao hakuna zahanati iliyokuwa na dawa yake: alitaka kujua. Ukimpelekea kiti kilichovunjika mguu, kabla hajakigusa atataka aelezwe nani alikikalia, aliegemea upande gani, na kwa nini hakukaa sawasawa kama watu. Akipita njiani akasikia mlango unalia, atasimama aufungue na kuufunga mpaka mwenye nyumba atoke kuuliza kulikoni. Mkewe, Regina, alikuwa amemzoea, ingawa hakuwa amemsamehe. Tangu Krismasi alikuwa akimwomba mchi mpya, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa mnene mno na ulimchubua viganja. Kila alipoulizia aliambiwa kazi za watu kwanza. Na kazi za watu, mara nyingi, zilikuwa ni Elia kuchuchumaa na kutazama mti.

Kwa hiyo siku ile Spesiosa alipoingia uani amebeba kitu kirefu kilichoviringishwa ndani ya mkeka, Regina aliyekuwa akipepeta mchele barazani alimtazama mumewe usoni, akaona macho yalivyomtoka, akajua mchi wake umekwenda na maji.

Spesiosa alijulikana pale Mwanga sokoni, alikouza mawese. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, na kitambaa chake cheusi kilikuwa kimepauka kwa kufuliwa. Alikuwa miongoni mwa Warundi waliovuka mpaka mwaka wa sabini na mbili, wengine kwa mitumbwi kufuata ukingo wa ziwa, wengine kwa miguu milimani, na wenyeji wa Kidahwe walimpa yeye na wanawe mahali pa kujenga na kipande cha kulima. Sasa ilikuwa sabini na nne na kitambaa kile cheusi hakijatoka mwilini.

"Amahoro, fundi."

"Amahoro, mama. Karibu. Umebeba nini?"

Spesiosa aliuweka mkeka chini akaukunjua kwa uangalifu. Ndani mlikuwa na fimbo iliyochongwa, nene katikati na nyembamba nchani, rangi ya asali iliyokaa sana. "Ni umuheto," alisema. "Upinde. Haujaisha. Nataka uumalize."

Elia aliuchukua, akaunusa, akapitisha ukucha. Ulikuwa wa mti wa mkole, uliokaushwa juu ya jiko muda mrefu, maana harufu ya moshi ilikuwa imeingia mpaka kiini. Alipomrudishia aushike ili achukue futi yake ya kupimia, Spesiosa alirudisha mikono nyuma.

"Mimi siushiki. Kwetu mwanamke hashiki upinde. Ndiyo maana nimeubeba kwenye mkeka."

Basi Elia akaulaza juu ya meza, akavuta kigoda, akamwambia aanze mwanzo. Na Spesiosa, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alianza.

Upinde ule ulikuwa kazi ya mumewe, Manirakiza. Usiku wa kukimbia alimkabidhi mkeka huo, akamwambia huu usiuache, kisha akarudi nyuma kumchukua mama yake mzee. Spesiosa aliacha masufuria, akaacha nguo za watoto, mti ule akaubeba. Manirakiza hakuja tena, na waliokuja baadaye walisema wameona kwa macho yao. Tangu hapo alikuwa msibani. Kwao msiba hautoki wenyewe. Una siku yake ya kuondolewa, wenyewe wanaiita kuganduka, na katika ukoo wa Manirakiza siku hiyo mrithi husimama mbele ya watu, akauvuta upinde wa baba yake mpaka sikioni. Akishauvuta, nyumba imepata mkubwa. Upinde wa zamani wa Manirakiza ulibaki ng'ambo. Uliokuwepo ni huu.

"Mbona usiwapelekee wenzenu wanaojua kazi hii?" Elia aliuliza.

"Waliojua wameisha," alijibu Spesiosa.

Elia aliona haya kwa kuuliza, lakini haya haikumzuia kuuliza tena. "Na ukivunjika?"

Hapo ndipo mwanamke yule alipomweleza jambo lililomleta. Mkubwa wa ukoo aliyebaki alikuwa Gervasi, kaka wa marehemu. Gervasi alikuwa amesema waziwazi: upinde ukimvunjikia kijana mkononi, au akishindwa kumaliza kuuvuta, basi marehemu amemkataa mwanawe, na nyumba itaongozwa na yeye Gervasi. Serikali ilikuwa inakusanya wakimbizi kuwapeleka makazi mapya huko Tabora, malori yangekuja mvua zikikatika, na kila nyumba ingeandikwa kwa jina la mkubwa wake.

"Gervasi akiwa mkubwa atanirithi mimi pamoja na vyungu," alisema. "Ameshaanza kuniita mama watoto. Sitaki, fundi. Nimechoka na mengi, lakini hilo sijachoka kulikataa."

Elia hakuwahi kutengeneza upinde tangu azaliwe. Alitengeneza milango, vitanda, mipini ya majembe, na majeneza watu walipohitaji. Mtu mwenye akili zake angesema hapana. Elia alisema acha niutazame kidogo, na Regina kule barazani akacheka peke yake.

Kwa bahati nzuri hakuanza na ule wa Spesiosa. Alichukua kipande cha mbao ya mninga, mbao safi ya mlango, akaipiga randa mpaka pande zote zikawa sawa kwa futi, akafunga kamba na kuvuta. Upinde huo ulikuwa mzuri kuutazama kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha ulipasuka, kipande kimoja kikaruka juu ya paa na kingine kikampiga mdomoni.

"Afadhali," alisema Regina akimletea maji ya chumvi. "Labda sasa utapumzika kuuliza."

Mdomo ulivimba lakini macho yalikuwa mazima, na Elia aliokota vipande akavitazama mpaka alasiri. Mbao ilikuwa imepasuka pale nyuzi zake zilipokatikia. Msumeno haujali mti ulikuwa unaelekea wapi ulipokuwa hai. Unakata tu unakotumwa. Kwa mlango haina neno, kwa kuwa mlango haupindwi. Akaurudia ule wa mkole na kuugeuza juani, na ndipo alipoona Manirakiza alichokifanya. Upande wa mgongo, ule unaomwelekea adui au mnyama, marehemu alikuwa ameondoa gamba na utando, kisha akafuata pete moja tu ya mti, tabaka la ukuaji wa mwaka mmoja, kutoka ncha hadi ncha bila kuikata popote. Pete ilipopanda kwenye fundo, kisu chake kilipanda nayo. Ilipozama, kilizama. Siku ya kwanza kabisa Elia alikuwa ameliona fundo lile, akajisemea hili nitalisawazisha kwa randa. Sasa aliichukua randa akaiweka mbali na meza.

Kuanzia hapo alimheshimu Manirakiza, na kumheshimu mtu kwa Elia maana yake ilikuwa kumchunguza. Alijua kisu chake kilikuwa na pengo dogo karibu na ncha, kwa sababu kila mkwaruzo ulikuwa na mstari ule ule. Alijua alikuwa mtu wa subira, kwa sababu hakuna mahali alipochota kingi kwa mkupuo mmoja. Alijua vilevile kwamba hakuwahi kufunga upote, ile kamba ya upinde, maana vikato vya nchani vilikuwa vipya. Kazi iliyobaki ilikuwa moja na ndiyo ngumu kuliko zote: kuufundisha mti kupinda sawa pande zote mbili.

Alipigilia kigingi kwenye ukuta wa nje wa karakana, chini ya upenu, mahali palipopakwa chokaa. Akakipachika kishikio cha upinde juu ya kigingi, akafunga kamba legelege, akaipitisha kwenye kapi iliyowekwa chini, halafu akarudi nyuma na kuvuta kutoka mbali huku akitazama. Upande wa juu ulipinda vizuri. Upande wa chini ulikuwa mbishi. Alichora mpindo ule ukutani kwa mkaa, akaushusha upinde, akaukwangua tumboni kwa kipande cha chupa, vumbi la mkole likaanguka kidogo kama unga wa chumvi, akaupandisha tena na kuchora tena. Ukutani mistari ya mkaa iliongezeka siku hadi siku, na wapita njia waliuliza kama fundi anachora ramani ya ziwa.

Kazi hii ilimtisha kwa jambo moja. Mlango ukiukata vibaya unaongeza kipande, kitanda kikicheza unapiga kabari. Upinde ukishaupunguza, umeupunguza; hakuna fundi chini ya jua anayerudisha unga ule mahali pake. Ndiyo maana alikwangua kidogo, akavuta, akatazama, akaenda kunywa chai, akarudi kutazama.

Lakini lililomnyima raha halikuwa hilo. Upinde ulikuwa mfupi. Aliusimamisha ukamfika begani, na Elia mwenyewe si mrefu. Akaenda Mwanga kuwauliza wazee wa Kirundi waliokuwa wakiuza mikeka, wakamwambia upinde wa mwanamume kwao humfika kwenye paji la uso, na wakataka kujua anauliza kwa nini, jambo ambalo Elia aliliona ni utovu wa adabu. Alidhani labda mti ulipasuka nchani ukafupishwa. Alizikagua ncha kwa jicho moja kisha kwa jingine: zilikatwa kwa makusudi, kwa utulivu. Basi labda ulikuwa wa mtoto.

"Mama," alimuuliza Spesiosa alipopitia siku moja kutoka sokoni, "mumeo alipoanza kazi hii, mwanao Hatungimana alikuwa na umri gani?"

"Alikuwa ameshaanza kunyoa ndevu. Mrefu kama baba yake."

"Una mvulana mwingine?"

"Wengine wote wasichana. Kwani vipi?"

"Hakuna kitu," alisema Elia, naye akaenda kula chakula cha mchana akasahau kumeza.

"Kula," alisema Regina. "Mti hauna miguu, utaukuta."

"Mama Esther, mtu na akili zake, mwanawe ni mrefu, yeye mwenyewe alikuwa mrefu, atajichongeaje upinde wa kumfika begani?"

"Labda alikuwa anamchongea mtu mfupi," alisema Regina, akamwongezea mboga.

Kuna tabia ya waume kutosikia jibu likitoka karibu. Elia alitikisa kichwa na kuendelea kusumbuka. Lilikuwepo pia suala la kishikio. Manirakiza alikuwa amekichonga vibonde vinne vya vidole, vya chini kwa chini, ambavyo usingeviona ila kwa kupapasa. Elia alipokishika, vidole vyake vilikaa juu ya matuta badala ya mabondeni. Kila alipojaribu kuvisogeza vilikataa.

Jibu lililetwa na mvua. Ilikuwa mchana, Elia yuko uani anapanga mbao, upinde uko kwenye kigingi chake, na Spesiosa amesimama langoni na chupa zake tupu akiaga. Upepo ulitoka ziwani ghafla, mvua ikapigwa ubavu na kuingia chini ya upenu. Mtu aliyekuwa karibu na ukuta alikuwa Spesiosa. Hakufikiri. Aliangusha chupa, akauchomoa upinde kigingini, akakimbia nao ndani ya karakana.

Elia alipoingia nyuma yake, amelowa, alimkuta amesimama katikati ya takataka za randa, upinde uko mkononi mwake wa kushoto, na anautazama mkono wake. Vidole vinne vilikuwa vimelala kila kimoja mahali pake. Hakuna kilichokuwa juu ya tuta.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema, Elia hakuwa na swali.

"Nyani," alisema Spesiosa hatimaye. "Kule kwetu, shamba letu lilikuwa mlimani. Manirakiza alishuka ziwani kuvua, mimi nalinda mahindi. Nyani wakimwona mwanamume wanakimbia. Wakiniona mimi wanaendelea kula. Siku moja dume moja lilinipokonya kikapu cha mbegu, nikarudi nyumbani nalia kwa hasira. Nikamwambia, na mimi nichongee upinde. Akacheka. Nami nikacheka, maana ni kitu cha kuchekesha, mwanamke na upinde. Nikadhani tumesahau."

Alisema hivyo halafu akalia, si kwa sauti kubwa, na hakuuachia upinde. Elia aligeukia ukuta akajifanya anatafuta patasi. Alikuwa na furaha ya kujua na uchungu wa kujua, na hakuweza kuvitenganisha.

Mvua ilipopungua Spesiosa alisema, "Funga mlango." Elia akafunga. Wakati huo upote ulikuwa umeshafungwa, wa mshipa wa ng'ombe uliosokotwa, na upinde umekaribia kwisha. Spesiosa aliunyanyua na kuuvuta. Hakuwa na mafunzo, mabega yalimpanda juu, lakini mikono iliyolima miaka yote ile haikutetemeka. Upote ulifika shavuni kwake ukaishia hapo, na pande zote mbili za upinde zilipinda sawasawa, kama mstari wa mwisho wa mkaa pale ukutani. Kisha akaurudisha polepole.

"Haya," alisema huku akifuta uso. "Sasa mkono wa mwanangu ni mrefu. Atafika sikioni?"

Swali hilo Elia alikuwa ameshajibiwa na ukuta. Siku iliyotangulia alijaribu kuvuta kupita mstari ule, akaona tumboni mwa upinde vimeanza kujitokeza vikunjo vidogo, vyembamba kuliko unywele. Akaachia mara moja. Alimweleza Spesiosa bila kumficha. Upinde huu unafika hapa ulipofika kwako. Mtu mwenye mkono mrefu akiuvuta mpaka sikioni, utavunjika.

"Basi upunguze uwe mwembamba. Mti mwembamba unapinda zaidi."

"Unapinda, ndiyo. Nikiupunguza hivyo atafika sikioni, lakini hautaua hata kuku. Utakuwa fimbo yenye kamba."

"Siku ya kuganduka hakuna anayepiga mshale. Wanavuta tu."

"Na baadaye?"

Spesiosa aliulaza upinde mezani kwa mikono miwili. "Baadaye ni ya wenye bahati. Mimi sina haja ya upinde, fundi. Nina haja ya kutolala nyumbani kwa Gervasi. Upunguze. Na haya tuliyoyaona humu ndani usimwambie mwanangu, maana akijua hataushika."

Elia alikubali kwa sababu mama yule alikuwa na haki ya kuomba hivyo na yeye hakuwa na haki ya kukataa. Asubuhi yake alichukua kipande cha chupa, akaushika upinde magotini, akakaa. Akainuka, akakoroga gundi isiyohitajika. Akakaa tena. Mtu mmoja alikuwa amefuata pete moja ya mti, akipanda na kushuka kila fundo, kwa ajili ya mkono mmoja tu duniani, na sasa yeye Elia aifanye kazi hiyo kuwa kitu cha kuonyesha watu. Alimkasirikia Gervasi ambaye hakuwahi hata kumwona. Alikuwa bado hajakwangua hata punje wakati kivuli kilipoziba mlango.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Wewe ndiwe Hatungimana."

Hakuhitaji kuuliza. Kijana alikuwa mrefu, amejaa, anabeba mizigo bandarini, na alikuwa na ule uso wa vijana wanaotaka dunia iwajaribu leo leo. Alikuja kuuona upinde wake, alisema. Elia alimwonyesha, akamwekea alama kifuani kwa kidole. "Ukiuvuta, mwisho hapa. Ukipita, utavunjika. Ila mama yako ameniomba niupunguze, ndipo utafika sikioni."

"Nivute mpaka kifuani kama mtoto anayecheza? Mbele ya baba mkubwa?"

"Ndiyo maana nitaupunguza."

Hatungimana aliutwaa upinde mkononi. Akakunja ngumi kwenye kishikio, akaikunjua, akaikunja tena huku akisogeza vidole. Uso ulibadilika, Elia aliona, lakini hakujua umebadilika kuelekea wapi.

"Usiupunguze," alisema.

"Kijana, sikiliza."

"Usiuguse tena, fundi. Siku ile ni yangu mimi." Akauweka mezani, akaaga kwa heshima, akaenda zake.

Elia alipomfikishia Spesiosa maneno hayo, mwanamke alikaa juu ya ndoo yake ya mawese katikati ya soko. "Kiburi cha baba yake mkubwa kimemwingia," alisema. "Basi amenimaliza."

Walimwalika Kidahwe siku ya kuganduka, na asingealikwa angekwenda vilevile. Walikuwepo Warundi kutoka vijiji vya jirani na Waha waliowapokea, pombe ya ndizi kwenye mitungi, wanawake wakimnyoa Spesiosa nywele za msiba nyuma ya nyumba. Alipotoka amevaa kitenge kipya cha kijani alionekana mdogo kuliko umri wake, na macho yake yalikuwa mahali pamoja tu. Gervasi alikuwa ameketi kwenye kiti cha pekee chenye egemeo. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti nzuri, anayecheka kwa urahisi. Elia alisikitika kuona si mtu wa kuchukiza sana.

Upinde ulitolewa kwenye mkeka. Hatungimana alisimama katikati ya uwanja, akaunyanyua, akaanza kuvuta. Upote ulirudi taratibu, ukapita kiwiko, ukakaribia kifua. Elia alizishika pete za mti ule moyoni kana kwamba angeweza kuzizuia. Upote ulifika kifuani ukasimama hapo.

Watu wakangoja. Kijana hakutetemeka, alikuwa na nguvu za kubaki, ilionekana wazi mabegani. Hakuvuta zaidi. Mtu mmoja nyuma akacheka puani.

"Maliza," alisema Gervasi.

Hatungimana aliurudisha upote polepole mpaka ukatulia. "Umefika, baba mkubwa. Hapo ndipo baba alipotaka ufike."

"Upinde wa mwanamume unafika sikioni. Umeshindwa kuumaliza, mwanangu, hakuna aibu. Sema tu."

"Kama naongopa, umalize wewe." Kijana alikwenda mpaka kwenye kiti, akapiga goti kwa heshima yote, akamkabidhi. "Ila ukivunjika, utakuwa umevunjika mkononi mwako, watu wote hawa wakiona. Ni kazi ya mwisho ya ndugu yako."

Gervasi aliupokea huku bado anatabasamu. Akaupima uzito. Akakunja mkono kwenye kishikio, akasogeza vidole, akavisogeza tena, na tabasamu likapungua. Alivuta kidogo, kiasi cha kuusikia mti unavyosema. Huyu alikuwa amekua na Manirakiza nyumba moja. Kazi ya ndugu yake aliifahamu. Akatazama juu ya vichwa vya watu, pale aliposimama Spesiosa na kitenge chake, kwa kitambo. Kisha akauachia upote urudi.

"Umefika," alisema. Sauti yake nzuri ilikuwa inakwaruza. "Ndugu yangu aliishia hapo."

Wanawake wakapiga vigelegele. Hatungimana aliupokea upinde, akageuka, akasema neno lake la kwanza akiwa mkubwa wa nyumba. Alisema huko Tabora wanakopelekwa ni pori, na porini kuna nyani, naye atakuwa anashinda kwenye kazi za kufyeka. Kwa hiyo upinde huu utakaa kwa mama. Wazee wawili walikohoa. Yeye alivuka uwanja akamwekea mama yake upinde mkononi, bila mkeka, na Spesiosa akaushika.

Jioni haijaingia bado, Hatungimana alimsindikiza Elia mpaka barabara ya Kasulu kungoja gari. Elia alijitahidi kukaa kimya. Alifika mpaka kwenye daraja dogo, uvumilivu ukamwishia.

"Mama yako alikuambia?"

"Hapana."

"Basi ulijuaje?"

Kijana aliokota jiwe, akalitupa bondeni. "Jembe la mama, kule kwetu, lilikuwa na vibonde hivyo hivyo kwenye mpini. Nilipokuwa mdogo nililichukia, vidole vyangu havikukaa. Na siku moja mchana nilimkuta mama amelala kivulini baada ya kulima, na baba amepiga magoti pembeni, anampima kidole kimoja kimoja kwa uzi wa mgomba. Akanifanyia ishara ninyamaze. Nilikuwa sijalikumbuka hilo tangu tukimbie, mpaka pale karakana kwako."

Gari lilikuja, Elia akapanda, na watu waliokaa naye hawakuulizwa lolote njia nzima.

Alimkuta Regina uani anatwanga mihogo, mchi ule ule mnene unapanda na kushuka. Elia alisimama akautazama kwanza mchi, kisha viganja. Akaingia ndani, akatoka na uzi.

"Mama Esther, hebu weka hiyo chini. Nipe mkono."

Regina alimtazama kwa mashaka. "Umekunywa nini huko Kidahwe?"

"Nipe tu mkono."

Akampa. Elia alichuchumaa mbele yake, akaanza na kidole gumba.